Tiki za Mwezi wa Nane

Kehancha,
Jumatatu, 9 Septemba 1996.
Asubuhi ukungu, kisha manyunyu hadi saa nne.

Wifi Pamela,

Dereva wa gari la abiria la Yakub alinikuta mizanini leo, wakulima wamepanga marobota ya tumbaku hadi barabarani, akaniambia mbele ya watu wote, "Mama Mourine, mtoto ameanguka tena shuleni." Kisha akapanda gari akaenda zake. Nimepima tumbaku siku nzima bila kujua naandika nini.

Sikulaumu kwa kumtuma. Najua barua ya posta ingechelewa. Lakini nijibu haya moja moja: ameanguka siku gani, saa ngapi? Alikuwa amekula? Alijiuma ulimi? Alilala muda gani baadaye? Asubuhi hiyo alimeza vidonge vyake viwili? Jioni iliyotangulia je, vile viwili vingine?

Tangu kaka yako Nicodemus atuache, miaka mitatu sasa, nimekubali kulala mbali na mtoto wangu wa pekee kwa sababu moja tu. Wewe uko Homa Bay, dakika kumi kwa miguu hadi hospitali, na dawa yake haitakosa. Kama dawa haikosi na bado kifafa kinamwangusha, sijui tumebaki na nini.

Nakutumia karatasi ya Septemba. Nimeipiga mistari kama zile nyingine: asubuhi, jioni, unatia tiki. Nirudishie ya Agosti niihifadhi.

Wifi yako,
Mellen


Homa Bay
14/9/96

Nyar Kuria wangu, binti wa Wakuria,

Pole kwa yule dereva. Nilimwambia akuite kando. Kumbe hajui kando ni wapi.

Nakujibu kama mtihani. Ilikuwa Alhamisi, saa mbili kasorobo, wakiwa gwarideni. Alikuwa amekunywa uji na kula kiazi. Ulimi aliuma kidogo, upande wa kushoto. Alilala kitandani kwangu hadi saa sita, mimi nashona sare za watu huku jicho moja liko kwake, nikatia mfuko mahali pa kola. Dawa alimeza.

Nimempeleka kwa daktari Ombati. Alimgonga magoti kwa kinyundo, akammulika macho, kisha akanigeukia. "Mama, dawa anapewa?" Nikasema anapewa. Akasema, "Basi tusibishane. Tutaiuliza damu."

Kumbe wanaweza kutoa damu na kupima dawa iliyo ndani yake ni kiasi gani, kama wewe na tumbaku yako. Hapa kwetu haipimwi. Inapelekwa Kisumu kwenye sanduku la barafu, majibu yanarudi baada ya wiki mbili au zaidi. Siku yetu ni Jumatatu tarehe 23, mapema, kabla hajameza vya asubuhi.

Wifi, wewe umenishinda kwa masomo. Hiyo damu inaweza kusema mambo ya siku ngapi nyuma? Nauliza tu.

Karatasi ya Agosti hii hapa, imejaa. Mourine anasema niandike kwamba hakulia. Alilia kidogo.

Pamela


Kehancha,
Jumatano, 18 Septemba 1996.
Asubuhi baridi, jua limetoka saa tatu.

Wifi,

Jumatatu nilitumwa Migori kupeleka vitabu vya kituo, nikapita kwa muuza dawa mmoja nikamuuliza swali lako. Alisema damu haikumbuki mwezi mzima. Inaonyesha dawa ya siku chache zilizopita, tuseme wiki moja, kwa sababu mwili huitoa kidogo kidogo. Kwa hiyo kama kuna kidonge kilichosahauliwa mwezi wa Juni, usikose usingizi kwa ajili yake.

Tarehe 23 asubuhi asimeze chochote cha dawa hadi damu itoke. Beba vidonge mkononi, ameze pale pale baada ya sindano. Andika saa ya kidonge cha mwisho cha Jumapili jioni, na saa damu ilipotolewa. Daktari akiuliza, usikisie.

Naiogopa namba hiyo kuliko nilivyoogopa matokeo ya kidato cha nne. Mama yangu anasema tumeshinda hospitalini vya kutosha. Kaka yangu Kerosi amesema mbele ya wageni kwamba mtoto wa kuanguka hasomi, aletwe nyumbani achunge ndama. Nimewaambia wote wangoje damu. Sina neno jingine la kuwaambia.

Mellen


Homa Bay
24/9/96

Nyar Kuria,

Imetoka. Dawa ya mwisho saa moja jioni Jumapili, damu saa mbili na dakika kumi Jumatatu. Nimeandika kwenye kiganja ili nisikisie.

Nesi alimwambia, "Tazama dirishani, usiangalie." Mourine akamjibu, "Kwa nini nisiangalie, si ni yangu?" Nesi akacheka hadi sindano ikangoja.

Wiki hii nzima nimempa dawa kwa mkono wangu, na maji, nikamfungulisha mdomo nikatazama chini ya ulimi. Hakuna atakayesema nyumba hii haikujitayarisha.

Amechoka tu. Kwenye ngazi za hospitali alinishika kama bibi kizee, na nesi yule yule akamtania, "Wewe, chang'aa umekunywa wapi asubuhi hii?" Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka.

Pamela


Homa Bay
10/10/96

Mellen,

Majibu yamefika. Ni 19. Daktari amenieleza kwamba inatakiwa iwe kati ya 10 na 20, kwa hiyo dawa imo kwenye damu, imejaa karibu na ukingo.

Nikafurahi. Nikasema, "Basi ni vizuri." Akasema, "Si vizuri, mama. Dawa imejaa na bado anaanguka. Maana yake ni kwamba dawa hii haimfai."

Anataka kuanza kumwondolea hii na kumwanzishia nyingine, Jumatatu tarehe 21. Amesema kipindi cha kubadilisha ni cha hatari, anaweza kuanguka zaidi, tena mfululizo, na lazima awe karibu na hospitali. Anataka barua yako kwamba umekubali, kwa kuwa wewe ndiye mzazi.

Mellen, usikimbilie kukubali. Sijui niseme nini zaidi. Usikimbilie tu.

Pamela


Kehancha,
Jumapili, 13 Oktoba 1996.
Mvua tangu alfajiri. Sikwenda kanisani.

Pamela,

Barua ya kukubali ilikuwa tayari mezani, imebaki sahihi. Kisha nikaona heri nimwandikie daktari habari yote ya dawa tangu Januari, aone kwamba hatujakosa hata siku moja. Nikazipanga karatasi zako zote nane, na daftari langu la kila siku pembeni, nikawa nalinganisha.

Mourine alifika kwangu Jumamosi tarehe 10 Agosti, saa kumi jioni, kwa gari la Yakub. Aliondoka Jumapili tarehe 18, saa tano asubuhi. Siku hizo zote nimeziandika: hali ya hewa, kazi, alichokula. Nilimpa dawa mimi mwenyewe. Asubuhi ya tarehe 10 alikuwa bado kwako, na jioni ya tarehe 18 alikuwa amerudi, kwa hiyo hizo mbili nimeziacha. Zinabaki tiki kumi na sita za dawa uliyompa mtoto ambaye hakuwa nyumbani kwako.

Nimezishika kwenye mwanga. Kalamu ni moja tangu tarehe mosi hadi tarehe 31, na mkono haukuinuka.

Nimezitazama tena na za Julai, na za Juni. Sasa sijui ipi ni ya kweli. Na kama tiki si za kweli, ile 19 ni ya nini? Jumatatu ijayo mtu ataanza kumwondolea mwanangu dawa kwa sababu ya namba hiyo.

Sitatia sahihi chochote. Niambie kilichotokea, chote, na barua inifikie kabla ya Ijumaa. Usiponiambia nitakuja kumchukua mtoto wangu, na watu wa kwenu waseme watakavyosema.

Mellen


Homa Bay
16/10/96

Mellen,

Tiki nilizipiga siku moja kabla ya kukutumia karatasi. Kila mwezi nafanya hivyo. Nafasi tupu naziona kama matundu kwenye nguo, na wewe ni mtu wa kuona matundu. Mwezi wa nane nilisahau hata kwamba hakuwepo.

Dawa nilimpa. Lakini nusu. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, tangu mwezi wa Mei.

Mwezi wa Aprili mtoto alikuwa anaamka akishika ukuta. Chai inamwagika, macho yanacheza. Mwalimu akasema anasinzia na kalamu mkononi. Watoto wakampa jina, Mzee Mlevi. Walikuwa wakimsindikiza kutoka lango la shule hadi kwangu, wamejipanga mstari nyuma yake, wote wanayumba. Hao hao ndio ninaowashonea sare. Jioni moja akaja akanishika goti mimi shangazi yake, akasema, "Waya, nipunguzie kidogo tu. Nataka kuona ubao mmoja." Alikuwa anaona mbao mbili, Mellen, na kila moja ina hesabu zake.

Nikapunguza. Baada ya wiki mbili alikuwa anaruka kamba hapa mlangoni hadi nikamwambia aache vumbi. Ningekuandikia nini? Karatasi yako ina mahali pa asubuhi na mahali pa jioni, basi.

Mwezi wa Julai akaanguka, sikukuambia. Septemba akaanguka mbele ya shule nzima, nikashindwa kuficha. Halafu ikaja habari ya damu, nawe ukaniambia inakumbuka wiki moja. Nikamrudishia vyote vinne siku hiyo hiyo barua yako ilipofika, na siku mbili za mwisho nikaongeza kimoja juu. Nilifanya kama mtu anavyofagia uwanja mgeni akija. Sikufikiria kwamba mgeni ataamini uwanja uko hivyo siku zote. Damu ilipotoka hakuweza kusimama sawasawa, nikarudi kwenye nusu.

Daktari namwogopa. Wewe nakuogopa zaidi. Nifanye nini?

Pamela


(Kwa penseli, kwenye karatasi iliyochanwa daftarini)

Mama,
Waya amenisomea barua yake. Ni kweli. Mimi ndiye niliyemwomba. Nilipokuja kwako ulinipa vinne, na mimi sikusema, kwa sababu ulisema unafurahi nimekuja. Tafadhali usinitoe shule. Nimekuwa wa saba kati ya hamsini na mbili.
Mourine Akinyi, darasa la tano


Kehancha,
Ijumaa, 18 Oktoba 1996.
Asubuhi mawingu, hakuna mvua.

Pamela,

Barua yako imefika jana. Nimejaribu mara tatu kuijibu bila hasira nikashindwa, kwa hiyo pokea hii ilivyo. Ulinidanganya miezi mitano. Mtoto angeanguka kisimani, au kwenye jiko lako, na mimi ningekuwa hapa naweka karatasi zako kwenye faili.

Nimefungua daftari langu tena, zile siku za Agosti. Nakunakilia.

"Jumanne 13. Jua kali. M. amevunja kikombe."
"Jumatano 14. Mawingu. M. amemwaga uji, nimemkemea."
"Ijumaa 16. Manyunyu. M. amejikwaa mlangoni mara mbili. Viatu vimembana?"
"Jumamosi 17. Jua. Nimemnunulia viatu."

Mtoto alikuwa kwangu, anameza vyote vinne kutoka mkononi mwangu, na mimi nikamnunulia viatu.

Fanya hivi. Barua hii ikifika kesho, nenda kwa daktari Ombati usingoje Jumatatu. Kama hayuko hospitalini ulizia nyumba yake. Mwambie yote: nusu tangu Mei, vinne kabla ya damu, kile cha ziada, kuyumba, mbao mbili. Mpe na maneno ya daftari langu. Mwambie sijakubali kubadilisha dawa. Na usipunguze wala kuongeza kidonge kwa akili yako au yangu hadi yeye aseme.

Habari ya kumchukua tutaisema baadaye.

Mellen


Homa Bay
22/10/96

Mellen,

Nilimkuta Jumamosi jioni nyumbani kwake, anamwagilia sukuma wiki. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Hakunikaribisha kiti hadi nilipomaliza.

Akasema, "Mama Pamela, unajua ungenifanya nimwondolee mtoto dawa inayomfaa?"

Nikasema, "Ndiyo maana nimekuja."

Akafunga mfereji. "Mimi nilikuuliza kama anapewa. Sikukuuliza anatembeaje. Nesi wangu akamwona anayumba, akafanya mzaha." Halafu akaingia ndani akaleta kalamu.

Anasema vinne vinaelekea kuwa vingi kwa mwili wake, na viwili ni vichache. Hii ni dawa ya kupanda ghafla, ukiongeza kidogo inaruka. Kwa hiyo kimoja asubuhi, viwili jioni, bila kubadilisha, wiki tatu. Damu tena Jumatatu tarehe 11 Novemba. Akaniuliza, "Na safari hii utaongeza?" Nikamwambia, "Daktari, mimi ni fundi. Kitambaa cha mtu nikishakiharibu mara moja, cha pili nalala na futi mkononi."

Kwenye karatasi ya mwezi huu sasa naandika kila siku, hata mambo ambayo hukuomba. Leo: alimeza akilalamika, akaenda shule akitembea wima.

Hujaniambia kama utamchukua. Naogopa kuuliza, kwa hiyo sijauliza.

Pamela


Homa Bay
5/11/96

Mellen,

Jana ameanguka.

Saa kumi na moja jioni, hapa hapa kwenye veranda, mikononi mwangu. Ilikuwa fupi, sikumaliza kuhesabu hadi mia. Hakujiuma. Baadaye aliniuliza, "Waya, utaandika?" Nikamwambia nitaandika. Akageukia ukuta.

Sasa nikuambie jambo ambalo hakuna aliyeliona. Saa moja nilipofungua kopo la dawa apate viwili vyake, mkono wangu ulitoa vitatu. Nilikuwa navyo hapa kiganjani. Nilisema moyoni, ni kwa usiku huu tu, kesho tutarudi kwenye hesabu. Bado siku saba damu itolewe, nani atajua. Nilikaa navyo hadi yeye akaniuliza kama nimesahau maji.

Nimempa viwili. Cha tatu nimekirudisha.

Asubuhi hii nimemwambia daktari. Amesema tusiguse kitu, tungoje damu. Najua Kerosi wako akisikia atasema ndama wanangoja. Najua na wewe ukiisoma barua hii unaweza kupanda gari kesho. Nimeandika hata hivyo.

Pamela


Kehancha,
Alhamisi, 28 Novemba 1996.
Asubuhi anga safi, umande mwingi.

Wifi Pamela,

Majibu uliyonitumia nimeyapata jana mizanini. Nimeyasoma nikamwambia mkulima aliyekuwa mbele angoje, nikayasoma tena. 12. Daktari anasema hii ndiyo namba ya kwanza anayoweza kuifanyia kazi. Ataongeza nusu ya kidonge asubuhi, polepole, halafu damu nyingine Januari, na dawa ni ile ile. Nimekubali. Sahihi yangu imo ndani ya bahasha hii, karatasi ya pili.

Nilikuficha jambo, nami nalisema. Barua yako ya tarehe 5 ilipofika, nilikwenda kwa mwalimu mkuu wa shule ya hapa siku iliyofuata nikamwombea Mourine nafasi ya Januari. Nikapewa. Nikaenda kwa Barnabas seremala, akanitengenezea kitanda cha futi tatu. Kimekaa chumbani kwangu karibu wiki tatu, hakina godoro. Nilikuwa nimeshapanga na siku ya kuja kumchukua.

Kila jioni nilikitazama na kusoma barua ile ile, kuona kama kuna mahali umenidanganya. Hakuna aliyekuona na vidonge vitatu kiganjani. Ungenyamaza nisingejua hadi nife. Mimi mwenyewe sina hakika kwamba ningekirudisha cha tatu, mtoto akiwa amelala pale na mate hayajakauka.

Leo nimerudisha nafasi kwa mwalimu mkuu. Mourine abaki kwako, asome alipo. Shule zikifungwa mje wote wawili, kitanda kitakuwa na godoro. Kerosi nimemwambia mimi mwenyewe. Amekasirika, amekula, amekwenda kwake.

Bado sijakusamehe kwa Julai. Nataka ulijue hilo kutoka kwangu.

Ijumaa, 29 Novemba. Saa kumi na moja na nusu asubuhi. Upepo kidogo.

Gari la Yakub halijapita, kwa hiyo naongeza haya. Jana nilizima taa saa nne nikidhani nitalala mara moja, kwa kuwa kila kitu kilikuwa kimeamuliwa. Nikaanza kuhesabu: saa ngapi utamwamsha, saa ngapi atameza, nusu ya kidonge unaikataje isivunjike vipande. Nikaogopa upya. Niliwasha taa nikakuandikia mstari kwamba umuulize daktari, kisha nikaufuta, maana unajua kukata.

Nililala saa nane na dakika ishirini.

Mellen